Shavu la Asmahani

Kasulu,
4 Machi 2024

Bibi yangu Mwamvua,

Shikamoo. Ninaiandika barua hii nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji katika duka la Ami Khamisi, kwa kuwa kiti pekee tulichonacho kimekaliwa na mteja ambaye tangu asubuhi hajanunua hata msumari, bali anabishana nami kama dunia ina mwanzo au haina. Sisi huku hatujambo. Ami amepona mafua na anakusalimu. Mahindi ya Titye yamechanua, na mvua, ingawa ilichelewa, imekuja kwa adabu. Shahada yangu ya falsafa imetundikwa ukutani kati ya kalenda na koleo, na kila juma yuko mtu anayeuliza kama nayo inauzwa.

Baada ya hayo niingie katika jambo lenyewe. Asmahani alizaliwa tarehe ishirini na moja Januari. Nimehesabu kwa vidole na nimehesabu kwa kalenda, na njia zote mbili zimenifikisha tarehe mosi Machi kuwa ndiyo siku yake ya arobaini, siku ambayo mtoto hutolewa nje akaonwa na jamaa. Mimi ni ndugu pekee wa mama yake. Mtoto huyu hana mjomba mwingine duniani. Nilipiga kanzu pasi. Nilimwomba Makarius aniwekee nafasi ya mbele kwenye Fuso lake la maharage. Siku ikapita bila mwaliko, bila pilau, bila neno.

Nimezitafuta sababu. Umaskini sio, kwa kuwa vitenge vyako vinauzwa. Kusahau sio, kwa kuwa hujapata kusahau kitu tangu nizaliwe. Imebaki sababu moja tu, kwamba kuna jambo mnalonificha. Ninauliza kwa heshima zote: ni jambo gani?

Mjukuu wako,
Nurudini

Mabamba,
17 Machi 2024

Mume wangu Nurudini,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa na vumbi la maharage, maana Makarius aliisahau ndani ya gunia, akaikumbuka gunia lilipopasuka. Tuko salama. Leo ni swaumu ya sita na kiuno changu kinaivumilia. Ndugu yako Safina hafungi, ananyonyesha. Vitunguu vyangu vimekuwa vikubwa hata jirani ameanza kunisalimu mara mbili kwa siku.

Umefanya vema kuandika. Simu yetu imekufa sikio, inasema kwa spika tu, nami siwezi kuwatangazia wateja mambo ya ndani. Haya nitakayoyasema usimwambie Ami wako.

Mtoto ana uvimbe. Uko shavu la kulia, mbele ya sikio, pale taya linapojikunja. Alipozaliwa haukuwapo. Alipofikisha wiki nne nilikuwa ninamkanda mafuta, kidole changu kikaukuta, mdogo kama harage. Leo umekuwa kama yai la njiwa. Si mgumu. Una joto, na ngozi ya juu yake ina rangi ya buluu ya mbali. Akilia, shavu lote linajaa na kuwa zambarau. Akinyamaza linarudi.

Kwa hiyo nyumba hii mtoto halii. Tumepanga zamu. Safina alfajiri, mimi mchana, na katikati anabebwa na yeyote aliyeingia dukani. Juzi mama mmoja alikuja kununua doti ya kitenge akajikuta amembembeleza hadi adhana ya alasiri, akaondoka mikono mitupu akinishukuru.

Ndiyo maana hatukumtoa nje. Watu wakiliona shavu watasema ni jicho, na wakichoka na jicho watauliza mama yake alifanya nini. Baba yake yuko safari ya Kahama na neno la mtoto ameliacha kwangu. Sasa unajua. Msomi ni wewe, sema.

Bibi yako,
Mwamvua

Kasulu,
23 Machi 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku hatujambo, ila Ami akifunga hasemi na wateja, kwa hiyo ubishi wote wa duka umeniangukia mimi, nami siulalamikii.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikafunga duka nusu saa nikijidai ninahesabu misumari. Umwambie Safina kwamba hajafanya kosa lolote, na mtu atakayemwambia vinginevyo aje Kasulu tujadiliane.

Kisha nikaanza kazi. Rafiki yangu mmoja anayesomea udaktari ameniazima kitabu cha upasuaji, kinene, chenye jalada la ngozi. Mbele ya sikio ndipo ilipo tezi ya mate iliyo kubwa kuliko zote, ile inayovimba mtu anapopata matumbwitumbwi. Hoja ya matumbwitumbwi niliipima nikaitupa, kwa kuwa ugonjwa huo huja na homa na huondoka ndani ya siku kumi. Lakini ulaini, joto, ubuluu, na huko kujaa wakati wa kilio vinaelekeza mahali pamoja. Ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu iliyoota kwa wingi ndani ya tezi ya mate. Kitabu kinauita hemanjioma. Wala si saratani, Bibi. Sentensi hiyo niliirudia mara tatu ili niwe na hakika kwamba ninasoma kilichoandikwa na si ninachokitaka.

Kutokana na hayo hitimisho ni jepesi. Kitu kilichoota mahali pasipo pake huondolewa, na kinachoondoa ni kisu. Asmahani apelekwe hospitali akafanyiwe upasuaji, tena mapema kabla uvimbe haujakua. Ninaandika kama mjomba, na nadhani katika jambo hili mjomba ana sauti.

Nurudini

Mabamba,
14 Aprili 2024

Mume wangu,

Marahaba, na Idi iliyopita ni njema. Tulikula, tukashiba. Kanga uliyoniletea mkononi mwa Makarius nimeivaa, ingawa maandishi yake ni marefu mno. Inaonekana uliichagua kwa kuisoma.

Barua yako nayo nimeisoma. Kisu na upasuaji umevitaja mara tatu. Nimehesabu. Kisu, karibu na sikio, kwa mtoto wa miezi mitatu. Na mishipa yote hiyo ya damu unayoipenda itakwenda wapi wakishaifungua? Safina alipofika ukurasa wa pili akaiweka chini, akamkumbatia mtoto kama kwamba daktari amekaa mlangoni. Tangu siku hiyo neno hospitali halisemwi humu ndani.

Ikiwa dawa ni kukata, mkataji tunaye. Mzee Niyubahwe wa ng'ambo ya kijito unamjua. Alikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana, leo ni raia na ana wajukuu kumi na wanane. Ana wembe mpya kwa kila mtu, na chale zake ni tatu, ndogo, hata mtoto hashtuki. Jipu langu la mgongo alilitoa yeye. Uvimbe wa goti lako ulipokuwa darasa la pili aliutoa yeye, nawe ulipiga kelele zilizosikika hadi barabarani.

Tutakwenda kwake Alhamisi, tarehe ishirini na tano. Niombee.

Mwamvua

Kasulu,
19 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sote wazima.

Sitazunguka. Ninaipinga safari ya Alhamisi kwa nguvu zangu zote, na hoja zangu ni hizi. Jipu lina usaha, na usaha ukitoka mtu hupona. Uvimbe wa Asmahani una damu, na damu hiyo inatoka moyoni na kurudi moyoni. Chale tatu juu yake hazitatoa ugonjwa, zitafungua bomba, na huko ng'ambo ya kijito hakuna mtu wa kulifunga. Pili, Mzee Niyubahwe ninamheshimu kwa umri wake, ila hajui tezi ya mate iko wapi, wala inafanya nini, wala ina majirani gani. Kumkabidhi mtoto huyu ni sawa na kumkabidhi saa ya mkononi mtu anayetengeneza majembe. Tatu, tofauti kati ya wembe wake na kisu cha hospitali ni elimu, na elimu, Bibi, ndiyo uliyonisomeshea kwa vitenge vyako mwenyewe.

Nimeamua kwenda kwa daktari wa watoto hapa mjini. Nitampa maelezo yako yote, naye atanipa maandishi kwamba upasuaji ni wa lazima, ili ubishi huu uishe. Kwa kuwa barua hii inaweza kulala tena kwenye gunia, Jumatano nitapiga simu, spika au si spika.

Nurudini

Mabamba,
28 Aprili 2024

Mume wangu,

Marahaba. Simu yako tuliisikia. Sema tuliisikia sote, maana duka lilikuwa limejaa. Ulipopaza sauti ukasema, "Msimkate! Nasema msimkate!" wanawake sita waligeuka wakanitazama. Nikajibu, "Kitenge hicho kimekwisha, baba, jaribu Kibondo mjini," nikazima. Wameamini kwamba tunauza kitambaa kisichokatwa, na wawili wameshakiulizia.

Alhamisi tulikwenda. Mke wa Niyubahwe alitupikia chai ya maziwa na viazi. Tuliongea habari za bustani. Anasema vitunguu vyangu vinahitaji majivu. Mimi sikubali.

Asmahani hajachanjwa. Usiulize zaidi, kuna mambo bado yanapangwa. Lakini usidhani umeshinda, kwa maana hospitali haendi. Maandishi ya daktari wako uyaweke ukutani karibu na koleo.

Mtoto amejifunza kucheka. Akicheka shavu halijai, limekuwa na adabu. Ila linakua.

Mwamvua

Kasulu,
6 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imetuliza nusu ya moyo wangu, nusu nyingine inaendelea. Ami amenunua mizani mpya, naye anapima kila kitu, hata chakula changu.

Leo asubuhi nilionana na daktari wa watoto. Anaitwa Ininahazwe, ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza dakika kumi na mbili pasipo kunikatiza, jambo ambalo halijanitokea tangu nitoke chuoni. Alikubali kwamba dalili ulizozieleza zinaelekea huko huko nilikoelekea mimi, yaani uvimbe wa mishipa ya damu katika tezi ya mate. Alitaka uthibitishwe kwa kile kipimo cha kupitisha mashine juu ya ngozi, ambacho hakiumi. Mazungumzo yetu yalikuwa marefu na yenye manufaa. Yapo mambo ya kitaalamu ambayo si rahisi kuyaweka yote katika barua.

Kwa ufupi anasema mtoto aletwe, na asicheleweshwe. Mkiona ni mbali kuja Kasulu, yeye hufika hospitali ya Kibondo kila wiki ya tatu ya mwezi. Ninakusihi, Bibi. Mchukueni mkamwone. Msimamo wangu kwa ujumla haujabadilika.

Nurudini

Mabamba,
16 Mei 2024

Nurudini,

Marahaba. Leo sikuiti mume.

Uvimbe umekuwa kama ndimu. Umelisukuma sikio, ncha yake inatazama juu. Titi la upande mmoja tu ndilo analoweza, la pili akilazwa anachoka, anaachia, anataka kulia, nasi tunamnyanyua asilie, basi hashibi. Safina analia badala yake, jikoni, akidhani simsikii.

Barua yako ya mwisho nimeipa Safina aisome kwa sauti, kisha nikaisoma mwenyewe, kisha nikailinganisha na ile ya Machi. Katika ile kisu na upasuaji vilikuwamo mara tatu. Katika hii havimo hata mara moja. Wewe si mtu wa kuacha hoja njiani. Ukiwa unajua jambo huliandika kwa kurasa tatu, na ukiwa hulijui huliandika kwa nne. Hii ilikuwa nusu ukurasa pamoja na mizani ya Ami.

Nimekulea, najua unavyonyamaza. Nina swali moja na ninataka jibu moja. Tukimpeleka hospitali, watamkata au hawatamkata?

Mwamvua

Kasulu,
18 Mei 2024

Hawatamkata.

Nimelitanguliza neno ulilolitaka, Bibi, na sasa shikamoo inafuata.

Siku ile Daktari Ininahazwe alipomaliza kunisikiliza aliniuliza swali moja: "Hicho kitabu chako kilichapishwa mwaka gani?" Nikamjibu kwamba ni mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tisa. Akasema, "Kirudishe." Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza mteja kwa nini saruji iliyolowa haifai. Uvimbe wa namna hii kwa mtoto mchanga hukua haraka miezi ya mwanzo, halafu husimama, halafu hunywea wenyewe kwa miaka. Wengi huachwa tu wakiangaliwa. Kumkata ni kutafuta damu nyingi, na tena ndani ya tezi hiyo umepita mshipa wa fahamu unaouongoza uso. Ukiguswa vibaya, mtoto hucheka upande mmoja maisha yake yote. Lakini uvimbe ukizidi kukua, ukasukuma sikio au ukamzuia kunyonya, ipo dawa ya maji anayopewa kinywani, nayo huufanya unywee. Kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Hakuna kisu. Nilimwuliza mara mbili. Mara ya pili alinitazama juu ya miwani.

Niliondoka pale nikiwa na habari njema kuliko zote nilizopata kupewa, nikakaa nayo siku kumi na mbili. Niliandika rasimu tano. Kila rasimu ilianza na sentensi iliyoeleza kwamba nilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, nami nilipofika mahali pa kusema kwamba sikuwa sahihi, kalamu ilienda kuzungumzia mizani. Nilisema elimu ndiyo tofauti kati ya wembe wa Niyubahwe na kisu changu. Kumbe vilikuwa chuma kile kile, na changu ndicho kilichowatisha mkaikimbia dawa. Mtoto amekosa siku kumi na mbili za dawa kwa sababu yangu, na sikio lake limesogea katika siku hizo.

Wiki ya tatu ya mwezi ni hii inayoingia. Daktari atakuwa Kibondo kuanzia Jumatatu. Tangu jana ninapiga simu yenu, nayo imeshika mtandao wa ng'ambo ya mpaka, mwanamke ananijibu kwa Kifaransa. Kwa hiyo barua hii ninamkabidhi Makarius mkononi, nami nitasimama barabarani mpaka nimwone ameiweka mfuko wa shati na si kwenye gunia.

Nisamehe. Nendeni.

Nurudini

Kibondo,
3 Juni 2024

Mume wangu,

Marahaba. Umerudi kuwa mume.

Barua ilifika Jumapili asubuhi, Makarius akiwa amelishika shati kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Kabla ya adhuhuri tulikuwa juu ya Fuso lile lile, mimi mbele, Safina na mtoto kati, na dereva akiambiwa kila tuta kwamba ana mgonjwa. Hatuna ndugu Kibondo, lakini mama Fidele, mteja wangu wa zamani, ametupa chumba, na kwake ndiko ninakoandikia.

Nawe unisamehe, maana mimi nilikutangulia. Siku ile kwa Niyubahwe hatukuongea bustani tu. Wembe alikuwa ameshautoa kwenye karatasi. Akampakata mtoto, akaweka kidole juu ya shavu, akabonyeza polepole. Ukanywea. Akaachia, ukajaa. Akafanya hivyo tena, akafumba macho kama anayesikiliza. Kisha akaufunga wembe.

"Ni amaraso, Mama," akasema. "Jipu nalijua. Hii ni damu inatembea. Mimi damu siikati. Mpeleke hospitali."

Nikamwambia, "Hospitali watamkata. Mjukuu wangu ameandika, naye ana shahada."

Akasema, "Basi mjukuu wako hajui."

Sikukuandikia hayo kwa sababu mbili. Ungefurahi kwamba nimekataliwa, na ungekasirika kwamba ametoa neno hilo kuhusu wewe, nami sikutaka kukupa vyote viwili kwa barua moja. Nikakaa kimya wiki tatu na zaidi. Kwa hiyo hizo siku zako kumi na mbili usizibebe peke yako. Zangu ni nyingi zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa ninalishika shavu kila siku.

Sasa habari za hapa. Daktari Ininahazwe alipitisha ile mashine, akatuonyesha damu ikizunguka kama maji kwenye mfereji, akasema ndiyo, ni hiyo hemanjioma, si saratani. Kisha akataja dawa. Nikamwuliza ni ya nini hasa. Akasema kwa kawaida ni ya moyo na presha. Nikamwambia, "Daktari, huyu ana miezi minne, ana presha gani? Mwenye presha ni mimi ninayesoma barua za mjomba wake." Akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba madaktari waligundua dawa hiyo pia inabana mishipa ya uvimbe wa namna hii. Nikasema haya.

Walitulaza siku tatu za mwanzo, wakimpima mapigo ya moyo na sukari baada ya kila kipimo cha dawa. Sharti lake ni moja, nalo nimelikariri: anyonye kwanza, ndipo apewe dawa. Siku asiyonyonya, au akitapika, au akikohoa kifua kikabana, dawa haipewi, tunarudi kwa daktari. Safina ameiandika kwa mkaa ukutani mwa mama Fidele.

Jambo moja lilinishinda. Walipomchoma kisigino kupima sukari alilia, shavu likajaa, nikainuka mbio kumchukua. Muuguzi akaniambia, "Bibi, kaa. Kulia hakumdhuru." Miezi mitatu tumezuia kilio, Nurudini, mpaka wateja tumewaajiri. Nikakaa. Alilia sana. Ana sauti kubwa, sikuwa ninajua.

Mwamvua

Mabamba,
25 Agosti 2024

Mume wangu,

Tangu siku ya pilau ya arobaini, iliyokuja akiwa na miezi sita, hujaniandikia, nami nimejua sababu. Unaona haya kwa sababu ya hotuba yako. Usione haya. Ilikuwa nzuri, ila ndefu. Mzee Niyubahwe hakuondoka kwa kukasirika, aliondoka kwa sababu ng'ombe wake walikuwa nje. Radhi uliyomwomba ameipokea tangu sentensi ya kwanza, anasema zile nyingine zilikuwa zawadi.

Asmahani ni mzima. Ukimtazama kwa mbele, mashavu yake yanakaribia kulingana. Lile la kulia limelegea kidogo, kama mfuko uliotolewa kitu. Daktari anasema dawa itaendelea hata baada ya mwaka, na huenda alama ikabaki. Sikio limerudi mahali pake. Ananyonya pande zote mbili na hashibi kwa zote mbili. Ana meno mawili, na kidole cha Makarius kimeyajaribu.

Sasa nina kazi yako. Wiki iliyopita Niyubahwe alinitumia mwanamke anayeitwa Uwimana, mwenye kichanga chenye uvimbe mwekundu mdomoni. Alitaka achanjwe. Mzee akakataa, naye hakuamini. Alidhani mkono wake umeanza kutetemeka kwa uzee na anaona aibu kusema. Nikafunga duka, nikampeleka Kibondo mwenyewe. Nilimsimulia habari yote njiani, tulipofika alikuwa anajua hata jina la mizani ya Ami.

Niyubahwe anasema wapo wengi wa namna hiyo, na neno lake peke yake halitoshi. Anataka karatasi ya kubandika mlangoni mwake, inayosema ni uvimbe gani haukatwi na kwa nini. Nikamwambia ninaye mtu. Iwe fupi, Nurudini. Mlango wake ni mdogo.

Mwamvua

Kasulu,
1 Septemba 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na Ami amechoka na mizani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, pamoja na utangulizi kuhusu mzunguko wa damu. Nilimsomea yule mteja wa dunia kuwa na mwanzo. Nilipofika ukurasa wa pili alinunua misumari akaondoka, ndipo nikajua pana kasoro. Nikaipunguza ikawa ukurasa mmoja, kisha nusu. Nimempelekea Daktari Ininahazwe aipitie. Alifuta mistari mitatu, akaongeza mmoja. Hii hapa, kwa wino mweusi na herufi kubwa:

UVIMBE AMBAO HAUCHANJWI HAPA
Uvimbe wa mtoto mchanga ulio laini na wenye joto, mwekundu au wa buluu.
Ukiubonyeza hunywea, ukiuachia hujaa. Akilia huongezeka.
Huo ni damu. Ukichanjwa, mtoto anaweza kufa.
Mpeleke hospitali mapema. Wengine huambiwa wasubiri, wengine hupewa dawa ya kunywa.
Asiyekuwa na hakika aulize.

Chini yake nimeweka jina langu kamili na shahada yangu, ili watu wajue kwamba maneno haya yana mwenyewe. Mfikishie Mzee kwa heshima.

Nurudini

Mabamba,
14 Septemba 2024

Mume wangu,

Marahaba. Karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga, nayo haijadondoka hata kwa upepo wa juzi. Niyubahwe hutoka nje asubuhi akaisoma kwa sauti kabla ya kupiga mswaki. Anasema umeandika kama mtu mzima. Watu wawili wameshaisoma wakageuza njia kwenda Kibondo, na wa tatu alisoma akaingia, maana la kwake lilikuwa jipu.

Kasoro ilikuwa moja. Jina lako na ile Shahada ya Falsafa ulivitolea herufi kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Mama mmoja alianza kusoma kwa chini, akamwuliza Mzee kama Falsafa nayo huambukiza. Mwingine alitaka kujua kama ni lazima apitie kwako Kasulu kabla ya kwenda hospitali. Niyubahwe aliona haya kukuandikia, akaniachia mimi.

Basi nikachukua mkasi wangu wa vitenge, nikaiondoa sehemu ya chini, taratibu, ili isichanike. Nimeihifadhi kwenye kabati. Katika habari yote hii, mume wangu, hicho ndicho kitu pekee kilichokatwa.

Bibi yako,
Mwamvua